Barua ya malalamiko: mkeka wa faiba mlioniuzia hauendi na resini mliyoniuzia

Kwa Meneja,
Idara ya Huduma kwa Wateja.

Ndugu Meneja,

KUH: SETI YA KUTENGENEZEA SAKAFU YA BOTI YA FAIBA

Naandika kwa mara ya tatu. Mara ya kwanza nilipiga simu, nikaambiwa nisubiri. Mara ya pili nilituma barua pepe yenye picha kumi na moja, nikajibiwa kwa mistari minne, na mmoja wa mistari hiyo ukaniuliza kama nina hakika nilikoroga vizuri resini, yaani ile gundi ya majimaji inayoganda ikawa ngumu. Hakika ninayo. Sasa nawaandikia kwa kirefu ili atakayeisoma barua hii asipate pa kuniuliza tena swali hilo, na ndani ya bahasha nimeweka vipande vitatu vya majaribio ambavyo vitawaeleza kuliko mimi.

Nianze na boti yenyewe, maana mtu wa ofisini anaweza kudhani nalalamikia rangi iliyobanduka. Ni boti ya faiba ya mita 5, kuukuu, niliyoipata kwa mtu aliyekwisha kuchoka nayo. Ganda lake ni zima. Nililigongagonga kwa nyundo ya plastiki kuanzia omo hadi tezi, na kila mahali likaitika kwa mlio mkavu. Sakafu ndiyo iliyokataa kuitika. Ilitoa mlio butu kama mtu anayegonga mto wa kulalia, na karibu na usukani mguu ulididimia hadi nikashika ukingo nisianguke.

Watu wengi husema boti ya faiba haiozi. Faiba yenyewe haiozi kweli, ila sakafu ya boti nyingi za zamani ni plaiwudi iliyovishwa faiba, na mihimili iliyo chini yake ni mbao zilizovishwa vivyo hivyo. Aliyeunda hii yangu aliivisha sakafu upande wa juu, akauacha wa chini uchi, kisha akatoboa matundu ya skrubu za viti bila kuyaziba. Maji yakapata mlango. Tena walaji wa sakafu hii hawakuletwa na maji ya bahari, kwa sababu chumvi huchelewesha kuvu. Waliletwa na mvua: boti imekaa nchi kavu bila turubai, na maji yametuama kwenye ngama miaka na miaka.

Nilipoikata sakafu kwa msumeno wa umeme, nikiacha ukingo wa kama sentimita 8 ubavuni ili nipate pa kushikizia kazi mpya, nilikuta mihimili imekuwa tope jeusi la kuchotwa kwa mkono, na faiba iliyoivisha imebaki kama mfereji mtupu. Povu la kuelea lililomiminwa kati ya mihimili hiyo lilikuwa limenyonya maji. Povu jipya la kawaida la aina hiyo huwa na uzito wa takriban kilo 32 kwa mita ya ujazo, lakini kipande cha kukumbatia tu kilinishinda kukinyanyua peke yangu. Kitu kilichowekwa ili boti isizame ndicho kilichokuwa kikiizamisha polepole.

Nasimulia haya kwa sababu moja. Sakafu na mihimili ikishatolewa, ganda la faiba hulegea. Likikaa vibaya juu ya viegemezo hupinda, na ukilijengea sakafu likiwa limepinda, basi umepindisha boti kwa maisha yake yote. Kwa hiyo niliiweka juu ya viegemezo saba, nikaipima kwa pimamaji na uzi, na tangu siku hiyo sijaisogeza hata kidogo. Kila wiki mnayochelewesha jibu ni wiki ambayo boti imekaa pale bila uti wa mgongo, nami nazunguka kila asubuhi kukagua viegemezo.

Nilichonunua kwenu ni seti mnayoiita kamili kwa sakafu ya boti: plaiwudi ya baharini ya milimita 12, epoksi, ndiyo resini yenyewe, na hadina yake ya kuigandisha kwa uwiano wa 2 kwa 1, unga wa kuikazia epoksi iwe tope, na jora la mkeka wa faiba wa gramu 450 kwa mita ya mraba. Kabla ya kulipa nilipiga simu. Nilimwuliza kijana aliyepokea kama mkeka huo unakubaliana na epoksi, kwa kuwa niliwahi kumsikia fundi mmoja akilinung'unikia jambo hilo. Akanijibu, "Mzee, mkeka ni mkeka." Nikalipa.

Kazi niliifanya kama karatasi yenu ya maelekezo inavyotaka. Nilisaga faiba ya zamani kwa grainda hadi pakawa peupe na pakavu, nikiwa nimevaa barakoa ya chujio na mikono mirefu, na bado nikajikuna siku tatu. Nikafyonza vumbi, nikapangusa kwa asetoni. Mihimili mipya niliilaza juu ya tope la epoksi badala ya kuiacha iguse ganda, kwa sababu mbao ikikandamiza ganda mahali pamoja, alama hutokea upande wa nje na baadaye hugeuka ufa. Pembe zote nilizijaza tope hilo hilo nikazilainisha kwa mgongo wa kijiko, ili faiba ipite kwenye mviringo isilazimike kukunjwa.

Sitajifanya malaika. Kikopo cha kwanza cha epoksi nilikiharibu mwenyewe: nilikoroga nyingi kwenye chombo chembamba kirefu, nikaenda kutafuta rola, nikarudi nikakuta inafuka moshi. Epoksi ikirundikana hujipasha moto yenyewe. Hiyo siwadai.

Kisha nikaanza kulaza mkeka. Aliyewahi kufanya kazi hii anaijua raha yake: unapitisha rola, nyuzi nyeupe zinakunywa resini, zinalainika, zinakuwa angavu, na mbao inaanza kuonekana chini yake. Nilisubiri, haikuja. Mkeka ulibaki mgumu kama kadibodi. Kwenye pembe haukulala. Niliukandamiza ukasimama, nikaukandamiza tena ukasimama tena, mpaka nikajiona kama namlaza mtoto asiye na usingizi. Nikaongeza epoksi. Ikapita chini ya mkeka na kutuama, juu kukabaki weupe uliojaa viputo vya hewa. Kwa mhimili mmoja nilitumia epoksi ambayo kwa hesabu yenu ingetosha mihimili yote miwili. Asubuhi yake niliingiza patasi pale mkeka ulipokuwa umesimama, kikabanduka kipande cha urefu wa mkono wangu. Kilikuwa kimeganda vizuri kabisa, ila hakikuwa kimeshika kitu.

Ndipo nilipochungulia ndani ya bomba la kadibodi ambalo jora limeviringishiwa. Kiwanda kilichotengeneza mkeka kilikuwa kimebandika humo karatasi yake ndogo: kwa resini za poliesta na vinilesta. Epoksi haikutajwa. Karatasi yenu, ile kubwa yenye picha ya boti, iko nje na haisemi neno lolote juu ya resini. Nakubali sikuchungulia mapema. Lakini nani ananunua jora akaanza kwa kutia jicho kwenye bomba?

Sababu si siri, na katika kampuni inayouza vitu hivi ni lazima awepo mtu anayeijua. Mkeka wa aina hii ni nyuzi fupi zilizotawanywa ovyo, zikashikanishwa kwa gundi ya unga ili zisisambaratike mkononi. Gundi hiyo huyeyushwa na stirini iliyomo ndani ya poliesta. Ikiyeyuka, nyuzi huachiana na mkeka hulala popote unapoulaza. Epoksi haina stirini. Gundi haiyeyuki, nyuzi zinaendelea kushikana, na mkeka unang'ang'ania umbo ulilotoka nalo kiwandani. Epoksi huhitaji kitambaa cha faiba kilichofumwa, au kile ambacho nyuzi zake zimeshonwa kwa uzi bila gundi hiyo. Najua wapo mafundi wanaoulazimisha mkeka kama huu kwa epoksi nyingi, hasa sehemu tambarare, na wanamaliza kazi. Mimi sikununua seti kamili ili nilazimishe.

Hata hivyo nilitaka kuona kwa macho. Nilikata ubao mmoja vipande vitatu, nikavifanyia kazi jioni moja. Cha kwanza ni mkeka wenu na poliesta niliyoazima kwa fundi mwenzangu: ulilainika ndani ya dakika chache ukawa angavu, hata kwenye kona. Cha pili ni epoksi yenu juu ya kitambaa kilichoshonwa, nacho kikalala kama ngozi. Cha tatu ni epoksi hiyo hiyo, kutoka kikombe kile kile, juu ya mkeka wenu. Mtakiona wenyewe. Kwa hiyo mkeka ni mzima, na epoksi ni nzima. Kosa ni kuviweka sanduku moja.

Barua pepe yenu ilitaja mambo matatu. La kukoroga: kilichobaki kikombeni kiliganda hadi ukucha haukwaruzi, na kipande cha pili kinatosha. La unyevu: mbao niliipima kwa kipima unyevu kabla ya kuigusa, ilikuwa chini ya asilimia 12. La tatu mliliita "uzoefu mdogo wa mtumiaji", na hapo nimekaa siku mbili nikitafuta jibu la adabu. Huo uzoefu mdogo ndio ulionifanya niwapigie simu na kuuliza swali lenyewe hasa kabla sijatoa fedha.

Tena yupo aliyenishauri kwa simu nisiondoe kitu, niendelee tu na poliesta juu ya hiyo epoksi kwa kuwa mkeka unaipenda poliesta. Tafadhali msimpe mteja mwingine ushauri huo. Epoksi hushika vizuri juu ya poliesta ya zamani iliyosagwa, lakini poliesta juu ya epoksi ni kubahatisha, na watakaosimama juu ya sakafu hii, nchi kavu ikiwa mbali, ni watoto wangu.

Kuhusu plaiwudi sitarefusha. Ina mhuri wa BS 1088, kiwango kinachotaka gundi isiyoshindwa na maji na tabaka za ndani zisizo na mapengo. Katika karatasi moja nilikuta mapengo mawili yanayoingia ncha ya penseli. Kipande chake nilikichemsha saa nzima na gundi ikastahimili, kwa hiyo sisemi kwamba ni ya bandia. Naomba tu karatasi hiyo ibadilishwe. Pengo la ndani ni chumba cha maji, na hayo maji ndiyo yaliyonifikisha hapa.

Ninachotaka ni hiki. Mnirudishie fedha za jora zima na za epoksi iliyopotea juu yake, ukitoa kile kikopo changu cha kwanza. Mniletee kitambaa kilichoshonwa cha kutosha mihimili miwili na sakafu upande wa juu na wa chini, maana mimi sitauacha upande wa chini uchi. Mnilipe pia siku mbili za kusaga na diski za msasa zilizoisha. Epoksi iliyokwisha kuganda haitoki kwa kupanguswa na asetoni, ni grainda tu, na kila ukisaga lazima uchunge usile mbao mpya iliyo chini. Orodha ya matumizi hayo na risiti zake nimeambatisha.

La mwisho si la fedha. Seti ile bado mnaiuza. Nimeiona juzi, picha ile ile, jora lile lile. Nawaomba muitoe au mbadilishe kilichomo. Mimi nilibahatika kuanza na pembe, na pembe ndizo zilizonifichulia. Mwingine ataanza na sehemu tambarare, mkeka utamshikashika, atapaka rangi juu yake na kuiona kazi imekwisha. Weupe hautaonekana tena, na kitakachomjulisha ni maji.

Nasubiri jibu la maandishi ndani ya siku 14 tangu mpokee barua hii. Lisipofika, nitapeleka nakala yake pamoja na picha kwa mamlaka ya kulinda walaji. Jora lililobaki, zaidi ya nusu, nimelifunga kwenye nailoni na halijaingia unyevu. Mtu wenu anaweza kuja kulichukua. Kwa mwenye poliesta bado ni mali nzuri.

Vipande vya majaribio vina namba nyuma. Cha tatu kishikeni kwa glavu, nyuzi zilizochomoza ni kavu na zinadunga. Naomba pia apewe kijana aliyenijibu simu akione. Simlaumu, naamini alinijibu kama alivyofundishwa.

Wenu,
Mteja, mwenye boti
(Viambatisho: vipande 3, picha 11, risiti, nakala ya karatasi ya kiwanda iliyokuwa ndani ya jora)