Mawe ya Mto Nairobi Yapimwe Pia

Mhariri,

Naomba nafasi nichangie mjadala wa usafishaji wa Mto Nairobi. Takataka zinazoopolewa mtoni kila mtu huziona, ila swali la iwapo mto wenyewe unapata nafuu huachiwa chupa chache za maji zinazopelekwa maabara. Chupa hiyo hueleza hali ya saa ile maji yalipotekwa, basi. Kiwanda kinachofungulia majitaka usiku wa manane hakitajulikana kwa chupa iliyojazwa saa nne asubuhi, kwa kuwa uchafu wake utakuwa umekwisha kupita Dandora kuelekea Mto Athi.

Viumbe vilivyoshikamana na mawe havina pa kukimbilia. Ule utando wa kahawia unaomtelezesha mtu anapovuka mto kwa miguu umejaa diatomu, yaani mwani wa seli moja wenye gamba la silika, usioonekana ila kwa hadubini. Kwa kuwa diatomu huzaana upesi na kila spishi ina maji yanayoifaa, mchanganyiko wa spishi juu ya jiwe huonyesha hali ya mto kwa majuma kadhaa yaliyopita. Achnanthidium minutissimum hupatikana kwa wingi penye oksijeni ya kutosha na uchafu kidogo, ilhali Nitzschia palea na Gomphonema parvulum huvumilia majitaka na hutamalaki wenzao wanapotoweka.

Mtafiti huchukua mawe yapatayo matano penye mkondo, huyasugua upande wa juu kwa mswaki na kukinga maji yale ya kahawia kwenye sinia. Maabara huyachemsha kwa hidrojeni peroksaidi mpaka yabaki magamba matupu, kisha mtaalamu huhesabu magamba 300 hadi 400 kwa hadubini inayokuza mara 1,000. Gharama kubwa ni jicho la mtaalamu huyo, na jicho hilo halinunuliwi kwa zabuni. Hufunzwa kwa miaka.

Ufaransa na Uingereza zimekuwa na vipimo vya namna hii tangu karne iliyopita, na sheria ya maji ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2000 ilivipa nguvu zaidi. Hapa kwetu Afrika Mashariki pia si jambo geni, kwani mwaka 2006 zilichapishwa tafiti za diatomu za Mto Nairobi na za vijito vinavyomwaga maji katika Ziwa Tanganyika. Hata hivyo, sioni busara kuchukua kama zilivyo alama ambazo Ulaya huipa kila spishi kulingana na uchafu inaouvumilia, kwa sababu baadhi ya spishi zetu hazimo katika orodha zao, na mto wa tropiki una joto na misimu yake. Tuanze kwa kulinganisha na vijito visivyochafuliwa vya milima ya Aberdare. Sampuli zichukuliwe wakati wa kiangazi, maana mafuriko ya masika husugua mawe yakabaki meupe, na utando huhitaji majuma kadhaa kurudi. Wala upimaji wa bakteria usiachwe, kwani diatomu haziwezi kumwambia mkazi wa Mathare kama maji yana kipindupindu.

Ninachoiomba Mamlaka ya Rasilimali za Maji, pamoja na Tume ya Mito ya Nairobi, ni kuteua vituo vya kudumu kuanzia kinamasi cha Ondiri, Kikuyu, hadi chini ya Dandora, kuvipima kila kiangazi na kutangaza matokeo hadharani. Vioo vya hadubini, vile vipande ambavyo magamba hubandikwa ili yahesabiwe, vihifadhiwe katika Makumbusho ya Taifa. Magamba hayo hayaozi. Machimbo ya Kariandusi, karibu na Gilgil, ni diatomu tupu zilizorundikana katika ziwa la kale. Atakayetilia shaka takwimu za mwaka huu miaka kumi ijayo ataomba kioo kilekile na kuhesabu upya mwenyewe.

Wako mwaminifu,
Msomaji, Kikuyu