Lenzi Kwanza, Bodi Baadaye

Kirumba, Mwanza

Mwanangu mpenzi,

Marahaba. Sisi hatujambo, na bibi yako mguu unaendelea kupona. Picha tatu za kamera ulizonitumia jana usiku, uchague moja ya kuanzia kazi ya kupiga picha, nimeziona, na bei zake nimezisoma mara mbili. Nilitaka kukujibu kwa ujumbe wa simu nikaona hautatosha. Milioni 1 na laki 4 uliyoichanga kwa miaka 2 si pesa ya kuijibia nusunusu.

Kamera zote tatu ni mpya, na zote zinauzwa na lenzi ya 18-55, ile inayovuta kutoka milimita 18 hadi 55. Umeandika kwamba lenzi nyingine utaiangalia huko mbele ya safari. Hapo ndipo roho yangu ilipogoma. Nakuomba uigeuze hesabu: chagua lenzi kwanza, halafu bodi, yaani kamera yenyewe bila lenzi, ipewe kinachobaki.

Nilishalikosea jambo hili mwenyewe. Wewe ulikuwa darasa la pili. Nilikopa kwenye kikoba chetu, nikanunua bodi mpya kabisa ikiwa na lenzi kama hiyo, nikaona nimemaliza. Kazi ya kwanza ilikuwa sendofu ya usiku kule Igoma, ukumbi wote taa za zambarau na kijani. Binti akaingia na wenzake wakicheza taratibu, nami nikavuta lenzi hadi 55 niupate uso wake. Lenzi ile ikivutwa hadi mwisho, tundu lake la kupitisha nuru halifunguki kupita f/5.6; namba ya f ikiwa ndogo ndipo tundu huwa kubwa. Nuru ikawa haitoshi. Nikapandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi nuru, hadi 6400, picha zikajaa chenga. Nikashusha kasi ya shata, pazia linalofunguka kuingiza nuru, hadi 1/10 ya sekunde, uso na mikono vikawa kama moshi. Mama wa binti nilimrudishia nusu ya pesa yake, lakini picha ya mwanawe akiingia ukumbini hana mpaka leo. Kinachoniuma ni hicho, pesa nilishaisahau.

Miezi michache baadaye nikanunua 50mm ya f/1.8 ya mtumba. Ni ya plastiki, nyepesi kama andazi, haivuti wala hairudishi. Bodi ikabaki ile ile, mkopo wake nilikuwa bado naulipa, lakini kazi ikabadilika. Chukua kalamu ufanye hesabu: 5.6 gawanya kwa 1.8 ni kama 3.1. Zidisha 3.1 kwa 3.1, unakaribia 10. Maana yake lenzi hiyo ikifunguliwa yote hupitisha nuru karibu mara 10 ya ile iliyonitia aibu. Pale nilipolazimika kutumia 1/10, sasa natumia 1/100, na mtu anayecheza taratibu anatulia. Toleo la STM la lenzi hii, STM ni aina ya mota yake ya fokasi, Canon walilitoa mwaka 2015, na kule Marekani lilianza kuuzwa dola 125. Bodi ya kukupa tofauti kama hiyo kwa pesa hiyo sijaiona.

Ina masharti yake, nayo uyajue kabla. Kwenye bodi hizi za Canon zenye sensa ndogo, yaani kile kipande cha ndani kinachopokea picha, 50mm huona kama 80mm ingeona kwenye filamu ya zamani ya milimita 35. Kwa nyuso ni tamu sana. Kwa sebule ndogo za kwetu utarudi nyuma mpaka mgongo uguse ukuta, na bado mashangazi wawili watakuwa nje ya picha. Tena ukiifungua hadi f/1.8, eneo linalotoka kali ni jembamba mno: jicho la mbele linaonekana, sikio limepotea. Watu wakisimama mistari miwili, funga hadi f/4 au f/5.6, la sivyo wa nyuma watakulaumu, na watakuwa na haki.

Kwa hiyo 18-55 usiidharau. Mchana, maharusi na wapambe wamepangwa ufukweni Jiwe la Bismarck likiwa nyuma yao, ukiifunga hadi f/8 itakupa picha safi ambayo mteja hatauliza umetumia lenzi gani. Ichukue ya mtumba kwa sababu wengi wanaoziuza hawazitumii tena. Hizo mbili, 18-55 na 50mm, zitakulisha mwaka mzima. Lenzi za kuvuta mbali za 75-300 ambazo wauzaji hupenda kukuongezea, achana nazo. Ukumbini zina giza kama ile yangu ya Igoma, na ndege wa Kisiwa cha Saanane hawakulipi.

Sasa bodi. Ningekuwa mimi ningetafuta Canon 70D iliyotumika kwa uangalifu. Ilitoka mwaka 2013, na najua vijana watasema imezeeka. Ina megapikseli 20. Picha ya kutundika ukutani ya sentimita 20 kwa 30, ikichapwa kwa nukta 300 kwa inchi, inataka megapikseli 8 na kitu. Hizo 24 za kamera mpya mteja wako hataziona. Atakachokiona ni fokasi kwenye video, na 70D hufuata uso vizuri. Betri yake ni LP-E6, inayoingia pia kwenye 60D, 6D na 5D Mark II, kwa hiyo ukiishiwa katikati ya harusi unaweza kumwazima mwenzako. Mtu anayeanza na pesa kidogo anahitaji kamera ambayo jirani yake anayo.

Nikon nazo ni nzuri, sina ugomvi nazo. Ila ukichukua bodi za D3000 au D5000 na ndugu zao, kumbuka hazina mota ya fokasi ndani. Lenzi za zamani za AF-D, ambazo nazo hazina mota yao, zitaingia, lakini fokasi utazungusha kwa mkono. Wauzaji wengi hawakwambii hilo.

Umeniuliza pia kuhusu kamera mpya zisizo na kioo ndani. Ni bora, sitakudanganya, zinashika jicho la mtu kwa namna ambayo zamani tulikuwa tunaiota. Lakini lenzi zake zitaimaliza milioni yako kabla hujanunua flashi. Lenzi za EF, aina ya hii 50mm, ambazo Canon walizianza mwaka 1987, huingia kwenye hizo mpya kwa adapta. Kwa hiyo 50mm utakayonunua mwezi huu utahama nayo siku ukibadilisha bodi.

Bodi isile zaidi ya nusu ya pesa yako. Inayobaki igawe kwa 18-55, 50mm, flashi inayogeuka ili uielekeze darini, betri ya pili na kadi mbili.

Ukifika kwa muuzaji huko Kariakoo, usianze na bei. Washa tochi ya simu, uipitishe kwenye lenzi kutoka nyuma huku ukitazama kwa mbele. Ukiona nyuzi nyeupe kama utando wa buibui, hiyo ni kuvu. Rudisha, hata akikuuzia nusu bei. Mkwaruzo mdogo kwenye kioo cha mbele hauna neno, lakini kuvu inakula ngozi ya kioo na haitoki yote. Kisha piga picha ya ukuta mweupe kwa f/16 uone madoa ya sensa, na uulize shata imepiga mara ngapi. Tazama na vipini vidogo ndani ya tundu la kadi, kimoja kikipinda kadi haisomi.

Hapa kwetu unyevu wa ziwa hauna huruma. Lenzi yangu ya kwanza niliihifadhi kwenye mfuko wa ngozi juu ya kabati, ikaota kuvu masika moja tu. Sasa naweka kila kitu kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko unaokaza, pamoja na vipakiti vya silika vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Ukienda kupiga picha za wanaoanika dagaa Mwaloni, vaa lenzi moja kabla hujatoka nyumbani na usiibadilishe pale. Upepo, mchanga na magamba ya dagaa vyote vitaingia ndani.

Nipigie kwa video ukiwa bado kwa muuzaji, kabla hujatoa pesa, unioneshe lenzi kwenye tochi. Kuanzia saa kumi nitakuwa nyumbani. Ndoo yako nimeshaiosha, inakauka uani.

Mama yako