Mwanaidi, nitafutie neno

Mpenzi Mwanaidi,

Salamu kwanza, na usininunie. Najua zamu ilikuwa yangu tangu Ramadhani, na Halima alishanifikishia kwamba siku hizi unaniita mtu wa kusoma na kunyamaza. Huku hatujambo. Baridi tu, na mvua ya mawe juzi imechapa viazi vyote vya upande wa chini. Mama anakusalimu, mguu unaendelea vizuri lakini fimbo kaikataa, anasema fimbo ni ya wazee. Habari za harusi ya Juma nimezipata na nina maneno mengi sana juu yake, ila yanahitaji karatasi yake peke yake.

Nakuandikia kwa sababu nimekwama, na kilichonikwamisha ni neno moja, la kuwaita watu wa msitu huu.

Kuna watu wa mradi wamepanda huku na makaratasi ya biashara ya kaboni, yaani msitu ulipiwe pesa kwa hewa chafu ambayo miti yake inaifyonza. Nimepewa muhtasari wa mkataba niutie kwenye Kiswahili, kurasa kumi na moja, nikausome mbele ya wazee wa Kiogiek, warina asali wa msitu huu tangu zamani, kabla hawajatia sahihi. Kazi ya siku tatu, nilijiambia. Hii ni wiki ya tatu. Ukurasa wa pili wote ni sifa za msitu wetu wa Mau: hekta 400,000 hivi, mto Mara unatoka huku, Sondu unatoka huku, Njoro unatoka huku. Watu hawaonekani mpaka ukurasa wa nne, na wanapotokea wako chini ya kichwa "Vitisho kwa msitu". Hapo tu ningejua kwamba kazi hii ina mdudu.

Basi Jumamosi tukakutana nyuma ya kanisa, kwenye nyasi, chini ya ule mtarakwa mkubwa. Nikasimama nikasoma sentensi ya kwanza: "Jamii itashirikishwa katika usimamizi wa msitu." Babu yake Chebet akainua mkono.

"Huyo msimamizi, anasimama wapi?"

Nikadhani hakusikia, nikarudia kwa sauti. Akasema, "Nimekusikia, mwalimu. Nauliza anasimama wapi, kwa sababu sisi hapa tulikuwa tunakaa."

Walicheka mpaka mbwa akaamka. Mimi nilicheka pia, halafu nikatazama karatasi yangu nikaona neno hilo limo mara ishirini na kitu. Nikajaribu kujiokoa. Nikasema basi tuandike waangalizi. Akasema mwangalizi anamjua, ndiye analala kwenye kibanda cha getini, na mwenye boma akija na gari anamfungulia. Nikasema wadau. Hapo kijana mmoja alinijibu kabla ya mzee: "Hata mwenye msumeno ni mdau." Nikakunja karatasi, tukanywa chai.

Sheria yenyewe ina neno lake, na nalo halinisaidii. Ile ya misitu ya 2016 inaruhusu jamii kuunda chama, chama kiombe, kikikubaliwa kipewe haki za kutumia: kuchuma dawa za miti, kurina asali, kuokota kuni, kukata majani ya mifugo, na kuendelea. Asali imeandikwa ya pili kabisa. Kwa hiyo mtu aliyerithi mizinga kwa babu yake naye aliyerithi kwa babu yake anajaza fomu aitwe mtumiaji. Mimi ni mtumiaji wa stima. Wakikata, nakaa gizani, sina la kusema. Ndiyo maana ya neno hilo, na wazee wameielewa kuliko aliyeandika mkataba.

Jumatatu babu akanichukua msituni, nadhani alinihurumia. Mwanaidi, ningependa ungekuwapo. Tulifuata kijito kidogo, cha kurukwa tu, akaniambia kutoka hiki mpaka kile kingine, na kupanda hadi kwenye mianzi, ni pa ukoo wao. Yaani ukanda wao unapanda mlima, hauuzunguki. Nikamuuliza kwa nini. Akanitazama kama mtoto wa mjini. Maua hayafunguki siku moja, akasema, chini yakiisha juu ndiyo yanaanza, na nyuki anapanda nayo. Aliye na kipande cha chini peke yake ana asali ya mwezi mmoja. Akanionyesha mzinga: gogo la mtarakwa limepasuliwa mapande mawili, likachimbwa ndani, likafungwa tena, limekuwa la kijivu kama jiwe. Yeye hapandi tena, mjukuu ndiye anapanda. Alisimama chini, mkono kwenye shina, akitaja mizinga mingine ilipo bila kuinua macho, ule wa kaka yake, ule wa marehemu fulani ambao haujagawanywa na mpaka ugawanywe hakuna anayeugusa mti wake. Umeona? Mipaka ipo, urithi upo, na kesi zipo wala hazikosi wazee wa kuzisikiliza. Yote hayo kwenye mkataba ni sentensi moja, "maarifa ya jadi yatazingatiwa".

Tukavuka barabara tukaingia kwenye misonobari ya kupandwa. Kimya. Chini sindano tupu, hakuna kichaka, hakuna nyuki hata wa kupotea. Babu akasema, "Hili ni shamba. Mahindi marefu." Nikakumbuka ramani ya mradi ambayo ninayo mezani hapa: upande wa mizinga na upande wa misonobari, rangi ni moja ya kijani.

Sasa wewe uko hapo hapo Arusha, pengine ile Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu unaipita ukienda sokoni. Ndiko Waogiek walikosomewa hukumu yao dhidi ya serikali ya Kenya, tarehe 26 Mei 2017, baada ya ile ilani ya 2009 iliyowapa siku 30 watoke Mau. Serikali ilisema inalinda maji na miti. Majaji wakasema sababu hiyo haitoshi kuwatoa, kwa kuwa si Waogiek walioumaliza msitu. Umemalizwa na kumegwa kwa ajili ya makazi na vibali vya kukata miti. Tarehe 23 Juni 2022 wakarudi wakataja fidia, shilingi 157,850,000, na ardhi ipimwe, iwekwe mipaka, itolewe hati ya pamoja. Halafu Novemba 2023 nyumba zikabomolewa tena kule Sasimwani, upande wa Narok. Babu anazijua tarehe hizi kama unavyojua wewe siku za kuzaliwa. "Hukumu tunayo," alisema, "hati ndiyo hatuna." Na Katiba nayo inasema mawili: kifungu cha 62 kinaweka misitu ya serikali kwenye ardhi ya umma, kifungu cha 63 kinasema ardhi za asili za jamii za wawindaji na warina asali ni za jamii. Mau ni ipi kati ya hizo? Mimi si wakili, lakini hata viazi huwezi kuviuza kwa watu wawili.

Nilikuwa nikiisoma ile hukumu usiku, nione majaji walitumia maneno gani, nikafika pale kwenye kumegwa kwa ajili ya makazi. Nikaweka kalamu chini.

Unalijua lile kopo la biskuti juu ya kabati la mama. Mwaka 2001 serikali ilitangaza kumega hekta kama 61,000 za Mau, na upande wetu huu maelezo yalikuwa kwamba Waogiek wanatafutiwa makao. Karatasi ya baba ya kugawiwa shamba imo kwenye kopo hilo. Sisi si Waogiek. Majirani zetu wanne wa kwanza si Waogiek. Baba hakuiba, ulimjua, alipanga foleni akapewa, akang'oa visiki kwa mikono mpaka mgongo ukamwisha. Mimi nimesomeshwa na viazi vya hapo. Lakini kwamba tumekaa hapa kwa jina la watu wengine, na leo ndio natafuta jina la kuwapa wao kwenye... sijui nimalizie vipi.

Na babu anajua. Anajua hasa, kwa sababu mzinga mmoja wa baba yake ulikuwa kwenye mti uliosimama pale tunapoanikia nguo. Aliniambia tukirudi, kwa sauti ile ile ya kuonyesha njia. Kisha akaniuliza mama anaendeleaje na mguu.

Usidhani huku kila Mwogiek ni malaika wa miti. Kuna waliopewa vipande wakauza mwaka huo huo, na wengi sasa wanafuga ng'ombe na kulima kama sisi. Mahakamani serikali ilisema hivyo hivyo, kwamba wamebadilika, si wale tena. Hoja hii inanichekesha. Wewe umeacha samaki tangu uhamie Arusha, unakula ndizi asubuhi na jioni. Umeacha kuwa Mdigo?

Na hilo ndilo lililonikumbusha kwenu. Unakumbuka Kaya Kinondo, ule msitu mtakatifu wa kwenu pwani? Mjomba wako alitufunga kaniki nyeusi kiunoni, nami nikaokota kokwa nikaitia mfukoni, akasema bila kugeuka, "Irudishe." Hata jani halitoki. Msitu ule wa kwenu sasa uko kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu 2008, na mabango yamewekwa, lakini sijawahi kusikia mtu akimwita mjomba msimamizi. Ni mzee wa kaya. Na kaya, kama ulivyoniambia wewe mwenyewe siku ile ndani ya matatu, ni boma tu, ni nyumbani. Nimelizungusha hilo kichwani tangu Jumatatu. Watu wenu wameutaja msitu kwa neno la mahali wanapokaa. Babu yake Chebet alisema kitu hicho hicho, nami nikadhani anatania.

Alinipa pia neno la Kiogiek. Nikaliandika, nikalisoma, wakacheka tena kuliko mwanzo, kwa hiyo nimesema kitu kibaya na hakuna anayetaka kuniambia ni nini.

Watu wa mradi wamenipigia mara mbili. Wanasema neno halina uzito, muhimu ni ukurasa wa tisa wenye pesa. Wazee nao wanasema pesa za hewa zisije zikawa pesa hewa. Mkutano mwingine ni Jumamosi ya wiki ijayo. Nimeandika "wenyeji wa msitu" kwa penseli. Hapo afisa mmoja ataniambia sote ni wenyeji. Nimeandika "wenye msitu", nikafuta, nikaandika tena. Hilo la pili mradi hautalikubali, kwa sababu ukisema mwenyewe yupo, basi kuna wa kuombwa ruhusa, na aliyeandika mkataba alianza na kushirikisha.

Basi niambie. Wazee wa kwenu husemaje wenyewe wanapozungumza kuhusu kazi yao kule ndani, kuna kitenzi? Ni kutunza, ni kulinda, ni kukaa nao? Unaweza kumuuliza mjomba, au bado hamsemezani kwa ajili ya lile shamba? Na wewe unayetafsiri kila siku, ungethubutu kuandika "wenye msitu" ukijua mkataba utarudishwa? Au nirudishe kazi na pesa zao? Nimeshatumia nusu, nakwambia ukweli, dawa za mama. Na lile kopo: ungekuwa mimi, ungewaambia wazee wote pale kwenye nyasi kabla hujasoma, au ungeacha iwe kati yako na babu? Mama nimuulize, au nisimuulize kabisa?

Nijibu kabla ya Ijumaa hata kama ni mistari miwili. Dereva wa Njoroge anashuka Namanga kesho, nimempa kopo la asali uletewe. Ni nyeusi kidogo na ina uchungu mwishoni, usishtuke, ndivyo ya juu ilivyo.

Wako,
Naomi