Kiko kikipasuka, mti hauna kosa

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua tuzungumzie viko na mapipa ya mbao yanayouzwa Arusha na Moshi. Mteja ananunua kiko cha mpingo au kipipa anachoambiwa ni cha mwaloni, anasafiri nacho, na miezi mitatu baadaye anatuma picha: kiko kina ufa kutoka ukingo wa bakuli hadi kitakoni, pipa pete zimelegea na linavuja kama chujio la nazi. Jibu analopewa karibu kila mara ni kwamba mti ulikuwa mbaya, au baridi ya Ulaya imeuharibu. Mti hauna kosa. Kosa lilifanyika karakanani, siku fundi alipokamata patasi kabla mbao haijakauka.

Mbao iliyokaa vizuri chini ya paa huku kwetu hutulia kwenye unyevu wa kama asilimia 12. Nyumba ya Ulaya inayopashwa joto wakati wa baridi huishusha hadi 6 au 8, kwa hiyo hata mbao kavu itasinyaa kidogo ikifika huko. Hilo fundi anaweza kulivumilia. Asichoweza kukivumilia ni mbao iliyokatwa mwezi jana, yenye asilimia 30 na kuendelea. Tena mti hausinyai sawa pande zote. Ukifuata mzunguko wa pete zake, husinyaa karibu mara mbili ya unavyosinyaa kutoka moyoni kwenda kwenye gome. Ndiyo maana tundu la duara lililotobolewa leo kwenye mbao mbichi litakuwa na umbo la yai baada ya miezi miwili, na mdomo wa kuvutia utakataa kuingia, au utaingia na kucheza.

Kosa tunaloliona kuliko yote ni kuchonga kiko kwenye tawi zima, nene kama kifundo cha mkono, pamoja na moyo wake. Chukua kiko chochote sokoni ukigeuze. Ukiona kitakoni au ubavuni nukta iliyozungukwa na pete kama za kitunguu kilichokatwa, kirudishe mezani. Pete zinataka kusinyaa kwa kuzunguka, moyo umekaa katikati unazizuia, na pa kupumulia ni kwenye ufa tu. Mzinga wa nyuki wa gogo la mringaringa hukaa juani na mvuani miaka mingi bila kugawanyika, kwa sababu anayeuchimba huondoa moyo wote na kubakiza ukuta. Kwa kiko, pasua gogo vipande vinne, tupa moyo, uchonge kwenye robo. Ndiyo, gogo moja litatoa viko vichache zaidi.

Baada ya kupasua, kata vipande vya sentimita 5 kwa 6 kwa 12, na siku hiyohiyo paka miisho nta iliyoyeyushwa au rangi nzito ya mafuta. Maji hutoka kwenye miisho haraka sana kuliko ubavuni, na usipoiziba, nyufa zitaanza hapo kabla ndani hapajaanza kukauka. Panga kivulini penye upepo, ukitenganisha tabaka kwa vijiti vya sentimita 2. Anayeanika uani Moshi mjini, jua la Februari likiwaka, atapata nyufa za uso ndani ya wiki. Kanuni ya maseremala ni mwaka mmoja kwa kila inchi ya unene, lakini kanuni hiyo haijui kwamba masika yanaweza kurudisha mbao nyuma. Mizani inajua. Andika uzito wa kipande kila Jumamosi kwa kalamu juu yake. Uzito ukibaki uleule wiki nne mfululizo, kipande kimetulia.

Anayetaka uhakika akate kipande chembamba katikati ya mbao, si mwishoni, akipime, kisha akikaushe kwenye oveni ya nyuzi 103 hadi kisipungue tena. Kama kilikuwa gramu 84 na kimebaki 75, maji yalikuwa gramu 9. Gawanya 9 kwa 75: asilimia 12. Mizani ya jikoni ya kidijitali inatosha. Hatuoni kwa nini karakana inayouza kwa dola ishindwe kuwa nayo.

Mpingo wenyewe tunausifu pasipofaa. Ni mti wa zumari na klarineti, mzito hadi unazama majini, na uzito huo ndio unaouharibia kazi ya bakuli la kiko: haunyonyi vizuri unyevu wa tumbaku, kiko kinalemea meno, na kuta zikiwa nyembamba zinapata moto mkononi. Tunashauri utumike kwa pete za mapambo na shina. Vumbi lake huwasha ngozi na kifua, barakoa ni lazima. Tangu mwaka 2017 umo pia kwenye orodha ya pili ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, kwa hiyo muuzaji ampe mnunuzi risiti inayotaja mti. Moshi kuna mradi wa kuupanda ulioanzishwa mwaka 1996 na marehemu Sebastian Chuwa na Mmarekani James Harris. Wanaojua unachukua miongo mingapi kufikia kukatwa hawawezi kufurahia kuona tawi lake bichi limefanywa kiko cha wiki mbili.

Mzeituni mwitu unafaa zaidi. Nyuzi zimebana, unang'aa ukipigwa msasa, na unastahimili moto. Ila una mafuta, hivyo gundi haishiki vizuri usipoufuta kwanza kwa spiriti.

Duniani viko vingi vya thamani hutengenezwa kwa fundo la mzizi wa Erica arborea, kichaka cha pwani za Mediterania. Mji wa Saint-Claude, Ufaransa, umeishi kwa kazi hiyo tangu katikati ya karne ya 19. Fundo huchimbwa likiwa na umri wa miaka 30 au zaidi, hutunzwa likiwa na majimaji lisipasuke, hukatwa, huchemshwa kwa saa nyingi ili kutoa utomvu na tanini, kisha hukaushwa polepole kwa miezi hadi miaka. Nyuzi zake zimesokotana kila upande, ndiyo maana halipasuki kirahisi. Mti huohuo unaota juu ya Kilimanjaro na Meru, na kuna vijana wameshaanza kuuliza. Jibu ni hapana. Ukanda ule uko ndani ya hifadhi za taifa, uliungua vibaya kwenye moto wa Oktoba 2020 upande wa Kilimanjaro, na fundo ndiyo sehemu ya mti inayochipua tena baada ya moto. Ukiling'oa, hakuna cha kuchipua.

Mkoa wetu una historia yake bila kugusa mlima. Sinya, wilayani Longido, palichimbwa jiwe jeupe la viko, lile linalochongwa pia Eskişehir nchini Uturuki, na viko vyenye muhuri wa "Kiko" na alama ya tembo bado vinatafutwa na wakusanyaji wa nje. Kwao neno letu la kawaida limekuwa jina la chapa.

Turudi kwenye jiliwa. Toboa kwanza, chonga baadaye. Kipande kikiwa bado na pande zilizonyooka kinashikika na kinapimika, ukishakichonga hakuna tena pa kuwekea rula. Bakuli liwe na upana wa milimita 18 hadi 20 na kina cha 35 hadi 40. Njia ya moshi ni biti ya milimita 4, na ni lazima itokee katikati kabisa ya sakafu ya bakuli. Ikitokea juu kwa milimita 3 tu, tumbaku ya chini haitaungua, itabaki tope chungu. Ikipita chini, utakuwa umetoboa kitako. Chora njia hiyo kwa penseli ubavuni mwa kipande kabla ya kuwasha keekee, na weka alama ya utepe kwenye biti mahali pa kusimama. Ukuta usipungue milimita 6 popote, kitako kibaki na 8. Wengi hupunguza ukuta ili kiko kipendeze dirishani, halafu kinaunguza vidole.

Msasa ufuate namba: 120, 220, 400, 600, na kila ukibadilisha lowanisha mbao kidogo vinyweleo visimame, ngoja ikauke, ndipo uendelee. Malizia kwa nta. Vanishi usiipake. Bakuli likipata joto vanishi huvimba malengelenge, na ndani ya bakuli ni sumu tu.

Mnunuzi naye ana sehemu yake, kama kweli anakivuta (wakusanyaji wengi hawavuti kabisa, na mapafu yao yanawashukuru). Mara za kwanza ajaze theluthi tu, ili ukoko ujijenge kuanzia chini. Ukoko huo wa mkaa ndio ngao ya mti, lakini usizidi milimita moja na nusu, kwa sababu hutanuka kwa joto kuliko mbao na unaweza kulipasua bakuli kutoka ndani. Na mdomo usichomolewe kiko kikiwa cha moto: shina limetanuka, ulimi (ncha ya mdomo inayoingia kwenye shina) umebana, na ufa wa shina ndio ufa mgumu kuliko yote kutengeneza.

Sasa mapipa, na hapa tutasema bila kuremba. Mwaloni hauoti wenyewe Tanzania. Pipa la mwaloni lililoko Arusha ama limekuja likiwa kuukuu kutoka kwenye mvinyo au wiski, ama si la mwaloni. Vipipa vingi vipya tunavyoviona ni vya mgrivea, saipresi au msonobari. Kama mapambo havina ubaya. Kuviuza kama vyombo vya kukomazia kinywaji ni kumwibia mtu: saipresi na msonobari vina utomvu unaotia ladha ya dawa ya kusafishia sakafu. Hata mwaloni wa mbao za makreti usiuamini. Kata kijiti cha sentimita 10 kwa kufuata nyuzi, chovya mwisho mmoja kwenye maji ya sabuni, puliza mwingine. Mapovu yakitoka, huo ni mwaloni mwekundu, mishipa yake iko wazi, na pipa lake litavuja hata likiungwa na malaika. Mwaloni mweupe mishipa yake imeziba yenyewe.

Pipa la kawaida la Bordeaux, eneo la mvinyo la Ufaransa, hubeba lita 225, kimo kama sentimita 95. Halina gundi wala msumari, linashikwa na pete za chuma na maji. Chukua mfano wa mbavu 30, yaani zile mbao ndefu zinazounda ukuta wa pipa. Kila ubavu huchongwa pembe ya digrii 6 kila upande, kwa sababu mbavu 30 zina kingo 60, na 360 ukigawa kwa 60 unapata 6. Ukitaka kipipa cha mbavu 12, pembe ni 15. Tumboni penye kipenyo cha sentimita 70 ubavu huwa na upana wa wastani wa milimita 73, mwishoni penye 60 huwa 63. Tofauti hiyo ya sentimita moja ndiyo inayolipatia pipa tumbo. Tunachokiona kwa wenzetu ni mbavu zenye upana sawa mwanzo hadi mwisho, kisha zinalazimishwa kupinda kwa pete, na mapengo yanazibwa kwa vumbi la mbao na gundi nyeupe. Maji yakiingia siku mbili, gundi inatoka kama uji.

Mbavu zipasuliwe kwa robo, miale ya mti (mistari inayotoka moyoni kwenda kwenye gome) ilale sambamba na uso wa mbao, kwa kuwa miale hiyo ndiyo ukuta dhidi ya maji. Zikauke nje miaka miwili hadi mitatu. Kupinda ni moto mdogo ndani na kitambaa chenye maji nje, nusu saa hivi, huku kamba ikivutwa kidogokidogo. Ubavu ukivunjika, ama ulivutwa ukiwa baridi, ama nyuzi zake zilikimbilia ubavuni. Mfereji wa kushikia kifuniko uchongwe baada ya pipa kufungwa, si kabla.

Pipa lililokauka likivuja, usikimbilie nyundo. Mimina lita 10 za maji ya moto, lizungushe, lisimamishe kila upande dakika kumi, kisha lijaze maji baridi saa 24 hadi 48. Likiendelea kudondosha siku ya tatu, hapo tafuta kasoro. Maji yasikae zaidi, yataota utelezi. Pipa tupu la mvinyo hufukizwa salfa kidogo lisichachuke, ila lililobeba wiski au konyagi lisisogezewe moto wowote: mvuke wake hulipuka.

Na hoteli zinazokata mapipa nusu kwa nusu ya kupandia maua, pigeni skrubu moja kwenye kila ubavu kupitia pete kabla ya kushika msumeno. Vinginevyo kiangazi cha kwanza mtabaki na lundo la mbao na pete tatu.

Ombi letu kwa maduka ni dogo. Kila kiko na kila pipa liwe na kibandiko chenye mambo mawili: jina la mti, na mwezi na mwaka uliokatwa. Na kwa vyuo vya ufundi, somo la kukausha mbao lianze kabla ya somo la kukereza, mizani ikiwa juu ya meza siku ya kwanza.

Mafundi wakerezaji na waunda mapipa,
Arusha