Kliniki ya mchana kwa mnywaji ambaye bado hajaanguka

Ndugu Mhariri,

Mimi ni mtunza stoo katika ghala la vifaa vya ujenzi hapa Temeke. Jina langu nimekuandikia pembeni, naomba libaki kwako, maana bosi wangu ni msomaji wako na bado anaamini kwamba mwaka jana niliumwa mgongo.

Sikuumwa mgongo, nilikuwa nakunywa. Kufuli la ghala letu ni la shaba, kubwa kama ngumi. Kwa muda wa miezi miwili nilikuwa nafika kazini saa kumi na mbili na nusu asubuhi, hata bosi akanisifu mbele ya wapagazi kwa kuwahi. Nilikuwa nawahi ili mtu asinikute nikigombana na kufuli lile. Ufunguo unagonga kulia kwa tundu, unagonga kushoto, mkono unacheza kama wa mwenye homa. Mlinzi wa usiku alikuwa ananitazama tu. Siku moja akasogea, akauchukua ufunguo mkononi mwangu, akafungua, akanirudishia, akaenda kukunja shuka lake. Tangu hapo akawa anafungua yeye kila siku, na hatukuwahi kulizungumza. Ikifika saa nne naaga naenda kunywa supu, na wanaojua kuzimua wanajua supu ile huteremshwa na nini.

Nieleweke hapa. Sikulala mtaroni hata siku moja. Mshahara ulifika nyumbani, ingawa ulifika umechoka. Ada za watoto zililipwa. Pale mtaani hakuna aliyeniita mlevi, kwa sababu mlevi ni yule anayeimba njiani saa saba usiku, na mimi sikuwa naimba. Ila nilianza kujiuliza. Nikaenda hospitali kubwa ya umma, ambayo sitaitaja, nikiwa na swali moja tu: hiki ninachokunywa bado ni starehe, au kimeshakuwa kitu kingine?

Dirishani karani akauliza, "Tatizo?" Nikasema polepole, pombe. Akarudia kwa sauti ya kuita basi: "Pombe?" Benchi zima likageuka. Nikaelekezwa dirisha la methadoni, ile dawa wanayopewa waraibu wa heroini, nikapanga foleni nyuma ya vijana wenye kadi zao mkononi. Kijana aliyekuwa mbele yangu akanitazama kuanzia viatu mpaka shati, akasema kwa upole kabisa, "Mzee, hapa ni pa unga. Pombe siyo hapa." Ndiye mtu pekee siku ile aliyenipa jibu sahihi. Daktari niliyemfikia baadaye alinipa njia mbili: wodi ya magonjwa ya akili, au nyumba ya soba, wanakoishi pamoja wanaoacha ulevi, nikakae miezi kadhaa kwa ada ya mwezi inayokaribia mshahara wangu. Nikamuuliza, na kazi? Akanitazama tena, nadhani aliona shati limepigwa pasi, akasema: "Lakini wewe hujafika huko. Ukizidiwa rudi."

Ukizidiwa rudi. Mwenye presha haambiwi arudi akishapooza, na mwenye sukari haambiwi asubiri mguu uoze. Sisi wanywaji tunaambiwa hivyo, na tunakubali, kwa sababu kauli ile inafurahisha. Nilitoka pale nimepewa ruhusa ya daktari ya kuendelea, na jioni ile nilikunywa kwa amani kubwa.

Sasa tazama hili. Februari 2011 ilianzishwa huduma ya methadoni Muhimbili, ikafuata Mwananyamala, ikafuata hapa kwetu Temeke, kisha ikatoka nje ya Dar es Salaam. Wengi walicheka wakati ule: teja apewe dawa kwenye kikombe halafu aachiwe aende zake? Lakini ndivyo inavyofanyika. Anakuja asubuhi, anakunywa kikombe chake mbele ya mtoa dawa, anaonana na mshauri nasaha ikiwa ni zamu yake, anakwenda kutafuta riziki. Halazwi mtu. Wako waliokuwa wakilala vijiweni, wakitetemeka kwa arosto, ambao leo ni makonda na mafundi, na jioni wanalala na watoto wao. Hiyo ndiyo tiba ya mchana, Mhariri, tumeijaribu wenyewe kwa miaka zaidi ya kumi kwa watu ambao jamii ilikuwa imeshawazika wakiwa hai. Methadoni yenyewe haitusaidii wanywaji, ni ya waraibu wa heroini na ndugu zake. Lakini ule utaratibu wa kuja, kutibiwa na kurudi nyumbani hauhitaji heroini ili ufanye kazi.

Nina uhakika kwa sababu mimi mwenyewe niliuonja, kwa bahati tu. Shemeji yangu alinipeleka kwa muuguzi wa afya ya akili katika kituo kimoja kidogo, mama mmoja mwenye miwani iliyofungwa uzi, ambaye alikuwa akikutana na watu kama mimi Jumanne na Alhamisi, saa tatu mpaka saa sita. Hakuniuliza kama mimi ni mlevi. Alitoa karatasi yenye maswali kumi ya Shirika la Afya Duniani, kila swali alama 0 hadi 4, jumla 40. Kuanzia 8 unywaji wako una hatari. Kuanzia 20 unatakiwa uchunguzwe kama umeshakuwa mraibu. Swali la sita linauliza ni mara ngapi umehitaji kinywaji asubuhi ili uweze kuianza siku. Nikamuuliza, "Na ya kwenye supu inahesabika?" Akavua miwani, akacheka mpaka akafuta machozi, akaandika 4.

Kisha akanifundisha hesabu ambayo sikuwahi kuifanya, mimi ambaye kazi yangu ni kuhesabu. Bia moja ya mililita 500 yenye ukali wa asilimia 5 ina karibu gramu 20 za kilevi, na katika vipimo vya Shirika hilo kinywaji kimoja ni gramu 10. Kwa hiyo "mbili tu" zangu za jioni zilikuwa nne. Kibapa cha mililita 200 cha pombe kali ya asilimia 35 kina gramu 55 hivi. Nikikumbuka viroba tulivyokuwa tunavitia mfuko wa shati kabla havijapigwa marufuku Machi 2017, kimoja cha mililita 100 kwa ukali huohuo ni karibu vinywaji vitatu, na tulikuwa tunakimaliza kati ya kituo kimoja cha daladala na kingine. Alama zangu zilikuwa 21.

Hapa niseme jambo kwa msisitizo kwa yeyote atakayesoma barua hii na kuamua kuacha leo usiku kwa kiapo. Usifanye hivyo peke yako kama unakunywa kila siku na mkono unacheza asubuhi. Pombe si sigara. Mwili uliozoea ukinyimwa ghafla unaweza kushikwa na degedege ndani ya siku mbili za mwanzo, na wengine, siku ya pili au ya tatu, huanza kuona vitu visivyokuwepo, jasho linawatoka, moyo unakwenda mbio. Hali hiyo inaua. Yule mama kwanza aliniuliza kama nimewahi kuanguka degedege, kama nina mtu nyumbani, kama naishi karibu na hospitali. Akanipeleka kwa daktari, nikaandikiwa vidonge vya siku chache vya kupunguza kidogo kidogo, pamoja na vitamini B1. Vidonge akakabidhiwa mke wangu. Kila asubuhi nilikuwa naripoti kupimwa presha na kunyoosha mikono mbele yake. Ingekuwa nimewahi kuanguka, alisema, ningelazwa, na ni sawa. Kazi ya kwanza ya kliniki ya mchana ni kujua nani hafai kutibiwa mchana.

Baada ya hapo nikaingia kwenye kikundi. Tulikuwa watano: dereva wa bodaboda, mwalimu, mama muuza vitenge, mstaafu mmoja wa bandari, na mimi. Yule mama wa vitenge hakuwa wa pombe, alikuwa wa vidonge vya usingizi, na alitushinda wote kwa ujanja wa kuficha. Wakati wa mijadala kama hii nasikia hoja kwamba mlevi akirudishwa nyumbani jioni atapita baa. Ni kweli atapita. Mimi kutoka kituoni mpaka kwangu napita baa sita na vijiwe viwili vya gongo. Lakini aliyetoka soba baada ya miezi sita naye atazipita, tena zote kwa siku moja, na hana wa kumsimulia. Mimi nilikuwa nazipita Jumanne jioni, Alhamisi saa tatu nipo mbele ya wenzangu nasema ni ipi iliniita kwa jina. Mwalimu alibadilisha njia ya kurudi nyumbani kwa ushauri wa bodaboda. Asiye na nyumba, au ambaye nyumbani kwake ndiko gongo inakopikwa, huyo soba inamfaa kuliko kitu chochote, sibishani.

Kilichotuua ni uhamisho. Mama alihamishiwa mkoa mwingine, na hapakuwa na mtu wa kushika karatasi yake, kwa sababu huduma ile haikuwa kwenye ratiba yoyote, ilikuwa moyoni mwake tu. Tulikutana mara mbili kwenye kibanda cha chipsi, kisha bodaboda akapotea, kisha mstaafu. Mimi nina miezi minane sijagusa. Mwalimu sijui.

Kila tarehe 26 Juni tunaonyeshwa magunia ya bangi na kete zilizokamatwa, na ni vizuri. Mamlaka yetu ya dawa za kulevya, chini ya sheria ya 2015, kazi yake ni dawa za kulevya. Bia ni bidhaa halali, kodi yake inapokelewa kwa mikono miwili, na mnywaji aliyekwama hana mamlaka inayomtazama. Wenzetu Kenya walau wameviweka vyote viwili, pombe na dawa za kulevya, chini ya mamlaka yao moja iitwayo NACADA, na mtu anaweza kupiga 1192 bila malipo akauliza swali lake bila benchi kumgeukia. Marekani wana viwango kabisa: kwa mtu mzima, kuanzia jumla ya saa 9 za tiba kwa wiki ni ngazi moja, kuanzia saa 20 ni ngazi ya juu yake, na zote mtu analala kwake. Mimi siombi saa 20. Naomba asubuhi mbili kwa wiki au jioni mbili baada ya kazi, muuguzi mwenye ratiba iliyoandikwa, na cheti ambacho hakitaji pombe. Sheria yetu ya ajira ya 2004 inampa mfanyakazi likizo ya ugonjwa hadi siku 126 katika mzunguko wa miezi 36, siku 63 za mwanzo kwa mshahara kamili, ilimradi awe na cheti cha daktari. Laiti ningepata cheti kama hicho, nisingeusingizia mgongo.

Wala siombi jengo. Jumatano iliyopita, saa tisa alasiri, nilipita kwenye kliniki moja ya methadoni. Foleni ya asubuhi ilikuwa imeshakwisha zamani. Kulikuwa na chumba cha vikundi chenye viti vya plastiki vilivyopangwa duara, feni inazunguka, na mhudumu anapiga deki. Nikamuuliza chumba hiki mchana kinatumika kwa nini. Akasema hakitumiki, yeye hukifunga akimaliza kudeki, akanionyesha ufunguo uliokuwa umening'inia shingoni mwake kwa kamba ya kiatu.

Mtunza stoo,
Temeke, Dar es Salaam