Kabla hujaiga ganda la Hollywood Bowl

Kwako Idrisa,

Salamu nyingi. Natumaini wewe na wa nyumbani nyote wazima. Mchoro wako nimeupata na nimeuangalia kwa makini. Umechukua yale matao meupe ya Hollywood Bowl, uwanja wa wazi wa muziki kule Los Angeles, Marekani, moja ndani ya jingine, ukayaweka juu ya jukwaa lenu. Yanapendeza, sibishi. Lakini kabla fundi hajakata chuma, ujue kwanza yametoka wapi na yaliwatesa vipi wenyewe, maana sehemu kubwa ya historia ya uwanja ule ni watu kupambana na sauti.

Mwanzo hapakuwa na ganda lolote, yaani lile paa na ukuta wa nyuma unaolifunika jukwaa. Palikuwa na bonde liitwalo Daisy Dell, lililochaguliwa 1919 na kikundi cha Theatre Arts Alliance kilichokuwa kikitafuta mahali pa kuchezea maigizo ya nje. Sifa yake kubwa ilikuwa kwamba mtu akizungumza chini, aliye juu mlimani anamsikia. Hakuna muujiza hapo. Mteremko unampandisha kila msikilizaji juu ya kichwa cha aliye mbele yake, basi sauti inamfikia moja kwa moja badala ya kukwaruza juu ya vichwa na nguo, vitu vinavyoinyonya. Kingo za bonde nazo zinaizuia isitawanyike pembeni. Halafu kuna usiku: ardhi ikipoa, hewa ya chini inakuwa baridi kuliko ya juu, na sauti inapinda kurudi chini kwa watu. Mchana ni kinyume, inapinda kwenda angani. Ndiyo maana uwanja wowote wa wazi uliopimwa saa nane mchana hausikiki vile vile saa mbili usiku, na fundi mitambo asiyelijua hilo atahangaika kuzungusha vitufe bure.

Msimu wa kwanza rasmi ulifunguliwa 11 Julai 1922, okestra ya Los Angeles Philharmonic ikiongozwa na Alfred Hertz. Jukwaa lilikuwa la mbao tu, wasikilizaji wakikaa kwenye mabenchi mlimani, na kiti kiliuzwa senti 25. Mwaka 1924 ardhi ikawa mali ya Kaunti ya Los Angeles.

Mambo yalianza kuharibika 1926. Mteremko ulichongwa upya, vikawekwa viti vya kudumu, na wasanifu wa Allied Architects wakajenga ganda la kwanza, lililochorwa merikebu za matanga. Kwa kuingiza watu ilikuwa kazi nzuri: rekodi ya uwanja, watu 26,410, iliwekwa 1936 walipokuja kumsikiliza mwimbaji wa opera Lily Pons. Kwa sauti ilikuwa hasara. Uchongaji uliipunguza akustika ya asili ya bonde, yaani namna lilivyobeba sauti, na ganda lenyewe halikupendwa, si kwa sura si kwa sauti. Hili nalitilia mkazo kwako kwa sababu mchoro wako unaonyesha trekta litasawazisha kilima chenu. Kilima ukishakikata hukirudishi.

Mwaka 1927 akaletwa msanifu Lloyd Wright. Wengi humchanganya na baba yake, Frank Lloyd Wright, lakini huyu ni mtoto. Alijenga ganda lenye umbo la piramidi kwa mbao zilizobaki kwenye maonyesho ya Robin Hood. Mpaka leo kuna wanaosema hakujawahi kusikika sauti nzuri kuliko ile pale Bowl. Tazama umbo lake: nyuso bapa zilizoinama. Uso bapa hurusha sauti upande mmoja unaojulikana, nawe ukijua pembe ya ubao unajua sauti itatua safu ya ngapi. Lakini wakubwa wa uwanja waliona sura yake ngeni mno, likabomolewa msimu ulipokwisha.

Wakamwambia arudi 1928 na kitu chenye matao. Akatengeneza ganda la matao yaliyopangana, ndani yake akatia paneli za kusogezwa ili sauti irekebishwe kulingana na muziki wa siku hiyo. Lilikusudiwa kufunguliwa vipande na kuhifadhiwa ghalani mvua zikikaribia. Halikufunguliwa. Likaachwa nje majira ya baridi, likaharibika. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo hasara kubwa kuliko zote katika historia ya uwanja ule, na haikutokana na hesabu mbovu bali na watu kutolifungua kwa wakati.

Hapo ndipo linapoingia lile uliloliiga. Allied Architects walirudi 1929 na ganda la matao meupe ya karibu nusu duara: kiunzi cha chuma, juu yake mabamba ya simenti iliyochanganywa na asbestosi. Lilisimama hadi 2003 na likaigwa sehemu nyingi duniani. Liliigwa kwa sura. Kwa sauti lilikuwa la wastani tu, chini ya yale mawili ya Wright, na kadiri miaka ilivyopita ndivyo malalamiko yalivyoongezeka.

Kasoro yake ni hii, na mchoro wako unayo. Uso mgumu uliopinda kuelekea ndani hautawanyi sauti, unaikusanya. Chanzo kikiwa katikati ya duara, sauti inarudi pale pale katikati. Kikisogea kidogo kushoto, mkusanyiko unahamia kulia. Matokeo yake mpiga fidla anamsikia mpiga tarumbeta kama amekaa begani mwake, na jirani yake wa kiti cha pili hamsikii kabisa. Kwenye viti nako, sehemu moja inapata ngoma nyingi na nyingine inapata filimbi. Tena angalia muda: sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde, hivyo ikiwa njia ya kuakisiwa ni ndefu kuliko ya moja kwa moja kwa zaidi ya mita 17, inachelewa kupita milisekunde 50, na sikio linaanza kuihesabu kama mwangwi. Pima hilo kwenye mchoro wako kutoka kiti cha mwanamuziki wa mbele kabisa.

Wakati huo huo kelele za nje zikapanda. Barabara kuu ya Cahuenga Pass, jirani kabisa na uwanja, ilifunguliwa 1940, na angani ndege zikaongezeka hadi ikabidi mianga mikali imulikwe juu usiku wa maonyesho kuwaashiria marubani wakae mbali. Katika uwazi, kila umbali ukiongezeka maradufu unapoteza desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha ukali wa sauti). Okestra isiyo na spika haiwezi kushindana na magari kwenye safu za nyuma, hata ganda liwe zuri namna gani. Bendi ya The Beatles ilipopiga pale 1964 na 1965 shida ikawa kubwa zaidi, kwani mayowe ya watazamaji yalizizidi spika za enzi ile, na rekodi za maonyesho hayo hazikutolewa mpaka 1977.

Dawa walizojaribu zinafaa uzisome vizuri. Mwaka 1970 msanifu Frank Gehry alipanga ndani ya ganda mirija mikubwa ya kadibodi, ile ile inayotumika kumwagia nguzo za zege. Ni rahisi na ya bei nafuu, na mgongo wake wa mviringo unatawanya sauti badala ya kuikusanya. Mnamo 1980 akaiondoa na kuning'iniza maputo ya faibaglasi ya ukubwa tofauti tofauti. Ukubwa ulitofautiana kwa sababu ya msingi: wimbi la herzi 340, yaani mitikisiko 340 kwa sekunde, lina urefu wa mita moja, na kitu kidogo kuliko wimbi hakiligusi, linakizunguka tu. Puto dogo linatawanya fidla na filimbi; besi inataka kitu kikubwa zaidi. Maputo yale yalituliza fujo jukwaani, lakini kuanzia hapo kuwafikia watu wote kukawa kazi ya spika.

Tatizo lingine halikuwa na dawa: ganda la 1929 lilikuwa dogo kwa okestra kamili, waliokaa mbele wakibaki nje ya paa. Watetezi wa majengo ya kale walikwenda mahakamani kulinusuru, wakashindwa. Jipya, la wasanifu Hodgetts + Fung, lilifunguliwa 2004: kubwa zaidi, jeupe kama lile la 1929, lakini na upana wa lile la 1928. La muhimu kwako ni pete ya duaradufu inayoning'inia juu ya wanamuziki. Ina vibao vinavyogeuzwa pembe, kwa hiyo sauti inarudishwa kwa wapigaji kutoka juu na karibu badala ya kuachiwa tao la mbali, na pete hiyo hiyo inabeba taa. Hata hivyo halikutoka zuri siku ya kwanza. Msimu mzima wa 2004 mafundi walikuwa bado wanarekebisha, sauti ikiboreka taratibu.

Basi ushauri wangu: matao meupe yaache kwa mbele kama mapambo, kwa kuwa wafadhili wameshayapenda. Ndani weka paneli bapa za mbao nzito, zining'inie kwa minyororo ili pembe zibadilike, na hakuna mbili zinazotazamana sambamba. Spika za nyuma zicheleweshe sehemu moja ya kumi ya sekunde kwa kila mita 34 kutoka jukwaani. Trekta lisubiri. Nitumie kwanza urefu wa mteremko, tofauti ya kimo kati ya safu ya kwanza na ya mwisho, na upande unaotoka upepo jioni.

Wako,
Mzee Hamisi