Usifungue Hilo Sanduku

Mwanangu Hamisi,

Mama mkubwa anaendelea vizuri, mguu umeanza kukanyaga, na anakusalimu. Sasa sikiliza. Dada yako amenitumia utabiri wa hali ya hewa wa Minneapolis. Wiki ijayo usiku nyuzi 20 chini ya sifuri kwa vipimo vyenu, yaani karibu 29 chini ya sifuri kwa vyetu. Huku Tanga feni inazunguka usiku kucha, lakini usingizi sina kwa ajili ya nyungunyungu wangu walio kwenye sanduku la mboji huko nje.

Usifungue hilo sanduku. Nakujua kwa udadisi. Ukiinua kifuniko kidogo tu "kuangalia", joto la siku nzima linakwenda na upepo. Nyungunyungu hawajipashi joto wenyewe. Joto ni la vijidudu vinavyoozesha yale maboga na machicha ya kahawa niliyojaza kabla sijasafiri, na wao hujikusanya hapo katikati penye uvuguvugu. Barafu ikifika katikati, wamekwisha.

Kile kipimajoto kirefu nimekichomeka makusudi ili ukisome ukiwa nje. Kikisoma 50 kwa vipimo vyenu usiwe na wasiwasi, watakula polepole tu. Kikikaribia 40 usingoje kesho: chemsha maji, jaza chupa mbili, kaza vizibo, ziweke juu ya majani makavu, siyo juu yao, kisha funika upesi. Hapo tu ndipo nakuruhusu kufungua. Chakula usiongeze, kikiganda kitawaletea maji mengi baadaye.

Theluji iliyolala juu ya turubai iache. Najua unapenda kufagia kila kitu kikae safi, na chumba chako ndicho hukifagii, lakini ile theluji ni blanketi. Marobota ya majani makavu yasisogezwe. Matundu ya upande wa ukutani tu ndiyo uyaangalie yasizibwe, maana bila hewa watakufa hata kama joto lipo.

Baba yako atasema ni wadudu tu. Mwache. Mwaka 2019 mwishoni mwa Januari kipimo kilishuka hadi 28 chini ya sifuri kwa vipimo vyenu na yeye ndiye alikuwa akiamka usiku kuwatazama, ingawa hatakubali. Ikibidi, chota ndoo moja kutoka katikati, uishushe besimenti. Akinuna mwambie nimesema mimi. Pengine ningewaweka huko tangu Novemba, lakini na wewe unajua maneno yaliyosemwa kuhusu harufu.

Wakifa wote, Mungu apishe mbali, usimwage kitu. Mayai yao huvumilia baridi kuliko wao, na masika yakija mengine yataanguliwa. Na usiende kuwatupa kule msituni. Wewe mwenyewe ulinieleza, na nilijivuna sana siku ile, kwamba barafu kuu ya zamani iliiacha misitu ya Minnesota bila nyungunyungu, na hawa wa kuletwa wanakula tabaka la majani ambalo miche inalitegemea. Kijana anayejua hayo yote, kusoma kipimajoto mara mbili kwa siku kunamshinda nini? Mchicha unaousifia kila Julai unafikiri umetoka wapi?

Bili ya gesi iko kwenye droo ya vijiko, mpe baba yako kabla ya tarehe 15. Samaki wa friza wa juu ni wa wageni. Nyinyi kuleni wa chini. Bomba la jikoni liachie litiririke kidogo usiku wa baridi kali, na milango ya kabati chini ya sinki iwe wazi, tusije tukapasukiwa na mabomba.

Ukinijibu usiniandikie "sawa mama" tu. Niandikie namba, asubuhi na jioni. Na mdogo wako avae buti shuleni, siyo zile raba, hata akilia.

Mama yako